Mgeni Asitoke Kapa

Mbamba Bay,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Kaka yangu Fulgence,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itawakuta wazima hapo Songea, wewe, wifi Loveth na watoto, na kwamba kifua cha yule mdogo kimetulia sasa baridi ya Julai inapoondoka. Sisi huku ziwani Mungu anatusaidia. Shemeji yako Elias anakusalimu sana. Upepo wa mwera umevuma wiki nzima, mitumbwi imelala mchangani, na usipa, dagaa wetu wa ziwani, umepanda bei hata sisi tunaoishi nao mlangoni tunaula kwa heshima. Nyumbani Maguu nimetoka juzi. Mama mzima, magoti yake ndiyo yaleyale. Baba naye mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha kwenye meza hii.

Najua utasema Beatha amerudia ushamba, nani anaandika barua zama hizi. Nifanyeje, kaka? Simu zangu hupokei. Nimepiga mpaka yule dada wa mtandao, anayesema mteja hapatikani, nimeanza kumwona ndugu. Ujumbe unasoma na hujibu. Tena afadhali iwe barua, maana mimi na wewe tulizaliwa na pilipili mdomoni. Tukianza kwenye simu, sentensi ya pili tayari ni ugomvi. Barua haina wa kuikatiza. Nimempa Tadei, kondakta wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi pale mahakamani unapofanyia kazi, na nimemtishia kwamba akimwachia mlinzi hatakula tena samaki wangu.

Ombi langu ni moja: isome yote kabla ya Alhamisi.

Ile karatasi ya pingamizi uliyomtumia baba iko kabatini, chini ya rozari ya mama. Haijasainiwa. Umesema Alhamisi utapita Maguu kuichukua uipeleke kwenye kamati ya uchaguzi Mbinga, na kwamba baba asipoisaini usihesabiwe tena miongoni mwa watoto wake. Ndani yake umemwandika baba mdogo Egidi kwamba alipokea fedha za Bwana Daniel akawanunua watu wa Maguu. Kamati ikikubali, baba mdogo anafutwa uanachama. Unajua maana yake. Mzee wa umri ule atabaki mikononi mwa wale wa magoma, wanaonunua kahawa ikiwa bado maua mtini kwa bei ya kumnyonya mtu. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu uamue mwenyewe.

Nitaanza mbali. Mengi uliyaona kwa macho yako, lakini uliyaona ukiwa na hasira, na mwenye hasira huona nusu.

Miaka yote Rais wa Shirikisho la wakulima wa kahawa la mkoa alichaguliwa na wajumbe. Walipanda gari, walikula nyama Mbinga mjini, wakarudi na jina. Mwaka huu katiba mpya ikasema basi, kila mwanachama wa Maguu, wa Ukata, wa Kitura na kwingine kote ampigie rais kura yake mwenyewe, kwa siri, kijijini kwake. Tulifurahi kama watoto. Hata mimi niliyeolewa huku kusikoota kahawa nilipanda mlima, kwa sababu ya ile mibuni aliyonigawia baba nilipoolewa. Unakumbuka wazee walivyonung'unika kwamba binti anaondoka na mibuni ya ukoo, naye akaenda hivyohivyo akaniandikisha uanachama. Karatasi ya kura niliiona kama zawadi yake ya pili kwangu.

Baba mwenyewe hakutaka kugombea. Sisi ndio tuliomsukuma, na tusijifanye tumesahau. Wewe ulimnunulia kitambaa cha suti ya kijivu, mimi nikalipa fundi. Tulimwambia kwamba mtu aliyekuwa katibu wa chama cha msingi maisha yake yote bila kuguswa na kashfa ndiye anayestahili kutusemea kwa wanunuzi. Alikataa, akakataa, mwisho akanyamaza, na ukimya wake tukauita ndiyo. Kisha kidogo kidogo akaanza kuupenda ugombea wake. Watoto wa shule wakipita walimwambia Shikamoo Rais, naye akajidai hasikii. Lakini mama aliniambia, akicheka mpaka machozi, kwamba mzee akikaribia shule siku hizi anapunguza mwendo.

Mpinzani wake alikuwa Bwana Daniel, yule bwana shamba mstaafu wa Kitura. Mtu wa Singida, mlokole, pombe haonji, kahawa yenyewe kwao hawailimi. Serikali ilimleta akiwa kijana, akastaafu akiwa huku, akanunua shamba akabaki. Mwaka ule ugonjwa wa chulebuni ulipomaliza kahawa yetu ndiye aliyepita shamba kwa shamba kutufundisha kupiga dawa, na kwa hilo hakuna asiyemheshimu. Lakini mgeni ni mgeni. Alipokuja Maguu kuomba kura alilala wapi? Kwa baba. Mama alimchinjia jogoo, baba akampa kitanda chake. Kesho yake akasimama mbele ya watu, akasema yeye amekuja kusalimia tu, maana kuomba kura Maguu mbele ya Mzee Tarsisi ni sawa na kupeleka usipa kuuza Mbamba Bay. Watu walicheka sana. Nilimwangalia shangazi Emerensiana akijifuta macho kwa kanga, nikajua si kicheko peke yake. Alikuwa anamwonea huruma.

Sasa hapa, kaka, nataka urudi nyuma ukumbuke tulivyokuwa tukichagua viongozi wa chama cha msingi pale uwanja wa shule. Wagombea wanasimama mbele, watu wanajipanga nyuma yao. Akiwapo mgeni, pengine mwalimu aliyehamishiwa kwetu au mkwe aliyeoa kijijini, na nyuma yake hakuna hata kivuli, wazee walikuwa wanaambiana kwamba mgeni asitoke kapa. Hapo mmoja anavuka kutoka mstari mrefu kwenda kusimama nyuma yake, kisha mwingine, kisha mwingine, huku watu wanapiga vigelegele. Wakishamtosha kwa heshima, waliobaki wanatulia. Mwenye kijiji anashinda, na mgeni anarudi kwake akiwa na la kusimulia. Baba mara nyingi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvuka. Hakuna aliyetufundisha. Ni kama kumpa mgeni kigoda kabla wewe hujakaa.

Siku ya kura tulishuka shuleni pamoja, wewe na mimi. Ulikuwa umevaa beji ya wakala wa baba. Njiani ulicheka, ukasema maskini Bwana Daniel, leo sijui atapata hata kura za kujaza kiganja. Nikakujibu amejitakia mwenyewe. Ukanitazama ukaniambia nina roho ngumu. Nadhani umesahau. Mimi sijasahau.

Mambo ya mchana ule unayajua kuliko mimi. Watu walitoka misani wakaja kupanga foleni na nguo zao nzuri, mmoja mmoja akaingia kwenye kituturi, akatoka, akatumbukiza karatasi, akaenda kumpa baba mkono. Kila aliyempa mkono alitabasamu. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la darasa la tatu na suti yake, mikono juu ya magoti. Habari za vijiji vingine zilikuwa zimeanza kuingia kwa simu: Kitura imekwenda na Daniel kama ilivyotarajiwa, Ukata na baba kwa kiasi kidogo, kwingine wamegawana. Kila mtu akawa anasema basi, kazi imekwisha, imebaki Maguu.

Mimi nilikuwa dirishani. Msimamizi akafungua sanduku akaanza kusoma. Daniel. Daniel. Tarsisi. Daniel. Watu wakacheka mwanzoni, wakasema mgeni leo ameheshimiwa kweli. Akaendelea. Kicheko kikapungua. Nilikuona ukisogea karibu na meza, ukazichukua karatasi na kuzigeuza kana kwamba nyuma yake kuna jina jingine. Alipofika mwisho, Daniel alikuwa amemshinda baba palepale kwetu, na urais ukawa wake. Bwana Daniel mwenyewe, alipopigiwa simu huko Kitura, inasemekana aliuliza mara mbili kama wana uhakika ni Maguu.

Baba alisimama, akamshukuru msimamizi, akawashukuru watu, akaenda nyumbani kwa mguu. Alipita uwanja wa shule, na watoto waliokuwa wakicheza pale, ambao walikuwa hawajaambiwa, wakamwambia Shikamoo Rais. Aliwaitikia Marahaba. Hiyo ndiyo iliyonivunja mimi.

Usiku ule ulitamka neno kununuliwa, na mimi nikalidaka. Sikukupinga, kaka, nilikuunga mkono kwa nguvu zote, kwa hiyo barua hii isikufanye udhani naandika kutoka juu ya mlima. Tulitafuta mwenye hatia tukampata upesi. Baba mdogo Egidi alikuwa ameonekana amepakiwa kwenye pikipiki ya Bwana Daniel. Baba mdogo Egidi ameezeka mabati mapya. Baba mdogo Egidi siku ya kura hakukaa nasi kula. Tuliunganisha hayo kwa usiku mmoja, na asubuhi ulipoondoka kwa hasira bila kunywa chai, mimi nilibaki nikiyasambaza.

Jumapili iliyofuata wanaume wa ukoo walikaa sengu kwa baba. Nilisaidia kupika, nikabeba chungu cha maharage mwenyewe. Unajua desturi: wanaume wanakula pamoja na kuamua ya ukoo, sisi tunaweka chakula na kurudi jikoni. Sikurudi. Niliweka chungu chini, nikamgeukia baba mdogo mbele ya wote, nikamuuliza mabati yake yana ladha gani anapolala chini yake. Nikamwambia nyoka wa nyumbani ana sumu kuliko wa porini. Nilimwambia hivyo mtu aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda kipaimara. Mama aliniita kutoka jikoni mara mbili, nikajifanya kiziwi.

Baba mdogo hakukasirika. Alinawa mikono polepole, ingawa alikuwa bado hajala. Akasema mabati ni ng'ombe wake mwekundu aliyemuuzia mchinjaji wa Ukata, na kwamba pikipiki alipakiwa kwa sababu Bwana Daniel alimkuta njiani na mguu wake mbovu. Halafu akasema lakini ni kweli, kura yake alimpa Daniel. Moja tu. Alifikiri mgeni yule amelala kwa baba, amekula kwetu, na leo atasikika redioni kwamba Maguu hakupata hata kura moja. Akaona aibu. Akamvukia, kama siku zote. Alijua kaka yake ana watu wengi.

Nilifungua mdomo kumjibu, na kabla sijajibu mzee Rodrick, yule jirani wa bondeni, akakohoa. Akasema hata yeye. Alisema akiangalia ugali. Kisha mwanawe akasema naye alifanya vivyo hivyo na hakumwambia babaye. Kaka, waliendelea mmoja baada ya mwingine kuzunguka kile chungu. Kwanza kuna waliocheka, maana ilichekesha, kila mtu alikuwa amejiona ni yeye peke yake mwenye huruma. Halafu kicheko kikaisha. Shangazi Emerensiana, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la mboga, akaanza kulia, akasema alimpigia Daniel kwa sababu ya ile salamu ya usipa. Na kutoka mlango wa jikoni nikamsikia mama. Alivuta tu kiti akakaa, na nilipogeuka alikuwa amejifunika uso kwa kanga yake ya kanisani.

Unaelewa sasa? Kwenye mstari tulikuwa tunaonana. Wakivuka wa kutosha, wengine walibaki. Ndani ya kituturi hakuna aliyeona nani amekwisha kuvuka. Kila mmoja alivuka peke yake akiamini nyuma yake kuna kijiji kizima. Hakuna fedha iliyotembea Maguu. Nimeuliza nyumba kwa nyumba, na unajua mimi nikiuliza. Tulimtoa baba wenyewe, kwa upole wetu.

Mimi nilimpigia baba. Sikuambii ili kujisifu. Siku ile kwenye sengu nilitamani niwe na kosa kama lao, nikae nao chini. Badala yake nilibaki nimesimama na kura yangu safi na mdomo wangu mchafu.

Tangu siku hiyo nyumba ya baba imekuwa kama ya msiba. Watu wanakuja asubuhi na jioni, hawasemi wamekuja kwa nini. Mmoja analeta kikapu cha maharage, mwingine kuku, mwingine mkungu wa ndizi, wanaketi, wanauliza habari za kahawa, wanaondoka. Baba anawapokea wote na kuwasindikiza mpaka njiani. Anayekosekana ni mmoja. Baba mdogo Egidi hajarudi kwenye sengu. Nilikwenda kwake na debe la usipa, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Mkewe Gaudiosa alipokea usipa, akashukuru vizuri, wala hakunikaribisha kukaa. Baba mdogo aliniambia mimi amenisamehe, maana mtoto hutapika hata kwenye nguo za mzazi. Lakini akasema hawezi kula kwenye nyumba ambayo kabatini mna karatasi inayomwita mwizi. Maji yaliyomwagika hayazoleki, kaka, lakini karatasi hiyo bado haijamwagika.

Nikamwambia baba aichane. Akakataa. Alisema hawezi kuchana kitu alichokiandika mwanawe kwa ajili ya kumpigania. Atakayeichana ni wewe. Nikadhani ni ubishi wa wazee. Nikamsonga kwa maneno, nikamwambia basi asaini au achane, moja, asitutese. Nilikuwa bado sijajua.

Sasa naandika lile lililonifanya nipande basi kurudi huku bila kuaga vizuri. Baba hakunituma nikuambie, ila hakunikataza, na nadhani alinieleza mimi kwa sababu wewe hawezi kukutazama usoni.

Ilikuwa asubuhi, tuko wawili kwenye chanja tunageuza kahawa. Jua lilikuwa limeanza kupata nguvu. Nilikuwa nasema peke yangu kama kawaida, kwamba hawa watu wote ni wajinga, kwamba hata mama, hata mama mzaa chema, angewezaje. Baba akaniambia nisimseme mama. Akaendelea kugeuza kahawa. Kisha akasema kwamba siku ile aliingia kwenye kituturi na suti yake, akashika kalamu, akaiona picha yake na picha ya Daniel zimekaa sambamba. Akasema mkono ulikataa. Toka utoto wake alifundishwa kwamba anayegawa nyama hajikatii yeye kwanza, na yeye maisha yake yote alikuwa akigawa. Kujiwekea mwenyewe alama ya vema, akiwa amemlaza mgeni huyo nyumbani kwake, aliona ni sawa na kujipakulia mbele ya watu. Akaiweka kwa Daniel.

Niliacha kugeuza kahawa nikamtazama. Akaokota punje mbovu kwenye chanja akaitupa. Akaniambia, Nilidhani nyinyi mtanitosha.

Hakusema kwa lawama, kaka. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hakubeba mwavuli. Ndipo nilipojua kwa nini karatasi ile haiwezi kusainiwa. Ukimtaka baba aape kwamba watu wa Maguu waliompigia Daniel walinunuliwa, wa kwanza kuitwa mbele ya kamati ni yeye.

Sina la kukufundisha. Wewe ni mkubwa wangu na ndiye uliyesoma. Nasikitika tu, usiku na mchana. Nasikitika kwamba tulimvalisha suti mtu ambaye hakutaka, tukamwonjesha utamu wa kuitwa Rais, halafu tukamnyang'anya bila hata mmoja wetu kukusudia. Nasikitika kwamba nilipotafuta wa kumlaumu nilimchagua mwenye mguu mbovu. Mtambo wa kumenya kahawa aliotaka baba ujengwe pale mtoni pengine Daniel ataujenga, pengine hataujenga. Si hilo linaloniliza. Linaloniliza ni kwamba mzee alikaa kwenye benchi lile kutwa nzima akitusubiri.

Bwana Daniel ataapishwa mwezi ujao Mbinga. Amekuja mwenyewe Maguu kumwalika baba, wakakaa chini wote wawili wakiwa na haya kama wachumba. Baba amesema atakwenda, na atavaa suti ile ile, maana kitambaa ni kizuri na mwanawe alikitolea jasho. Anaomba umpeleke wewe kwa gari lako, na ndani ya gari awemo na baba mdogo Egidi. Basi Alhamisi njoo, kaka. Njoo Maguu ufungue kabati, uichukue karatasi yako kwa mkono wako, uende nayo kwa baba mdogo uichanie mlangoni kwake, kisha umshike mkono uje naye kwenye sengu. Nitakuwa nimepanda kupika. Nitaweka chungu na kurudi jikoni, naapa.

Msalimie sana wifi Loveth, mwambie vitenge vyake nimevipata kwa Mmalawi mmoja hapa sokoni na nitavileta siku hiyo. Wabusu watoto. Mama anasema umvalishe mdogo fulana nzito ukija, kwetu mlimani bado baridi. Elias anasema atakutumia samaki aina ya mbasa, wa kukausha, upepo ukitulia. Baba hakutuma salamu kwa maneno, ila nilipokuwa napanda basi aliniuliza kama nadhani Alhamisi barabara itakuwa nzuri.

Na neno la mwisho, kaka. Asubuhi ile tukishuka shuleni uliniambia nina roho ngumu. Ni kweli ninayo, ndiyo maana kura yangu najua ilipo. Wewe mwenye roho laini, uliyemcheka Bwana Daniel na kumsikitikia palepale, ukaingia kwenye kituturi mbele yangu na kutoka unatabasamu, mimi sikuulizi. Baba pia amesema hatakuuliza.

Ni mimi mdogo wako mwenye kelele,

Beatha